Vanishi Iliyoshika Sanda

Kaka Attumani,

Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa majivu, nimenawa kwa ndimu, na bado vidole vyangu vinanuka. Kila nikipeleka tonge mdomoni nasikia ile harufu ya mafuta ya taa na mafuta machafu ya gari, natema. Leo Mama kaniwekea wali wa nazi na samaki, nimeusukuma kando. Kaniuliza kama ni homa. Nikamwambia si homa, ni kinyaa. Sijui kama huko uliko mtu husikia kinyaa. Natumaini hapana, kwa sababu haya ninayotaka kukueleza yangekutoa kaburini.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja, kile tulichokulia kabla Baba hajaturudisha huku Komoro, Nzwani. Hapa Mutsamudu wanaokisoma si wengi, na tangu hawa mamluki wa Kizungu waje wakakaa nchini kama waliozaliwa hapa, mtu huchagua hata lugha ya kulalamikia. Shuleni ulifundisha kwa Kifaransa, sokoni tulisema Kinzwani, lakini ukigombana na mimi ulinitukana kwa Kiswahili. "Saindu, wewe mbao mbichi," ulikuwa ukisema. Haya, mbao mbichi ndiyo inayokuandikia.

Bi Mwanaesha amefariki. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa watu, hana mtoto wala mjukuu ila sisi wa mtaa. Unakumbuka ndiye aliyekupa chupa ya kwanza ya mafuta ya mbarika? Alikuwa akiyapika nyuma ya nyumba, ya nywele na ya wazazi, kutokana na ile mibarika inayojiotea yenyewe nyuma ya kila choo cha mji huu. Wewe ukaja na chupa tupu, ukaenda na iliyojaa, kesho umerudi na chupa mbili. Mwisho akakushika mkono akakuuliza, "Mwalimu, hebu niambie ukweli, shule nzima imefunga choo?" Nilicheka mpaka nikaangusha randa.

Alikufa vizuri, usingizini, sura imetulia. Hilo namshukuru Mungu. Kilichofuata ndicho kinachonitapisha.

Tulimwosha, yaani wanawake walimwosha, akakafiniwa, tukamlaza juu ya jeneza la msikiti wetu. Wewe unaijua desturi ya mtaa huu: maiti hulazwa juu ya mbao na sanda yake tu, mkeka hufunika juu. Ilikuwa mchana, jua kali, na tuliliweka jeneza uani tukisubiri watu wa bandarini waje kumsalia. Kisha tukambeba, tukapita naye vichochoroni mpaka makaburini. Mimi nilikuwa upande wa miguu. Tukaweka chini, tukasema bismillahi, tukamnyanyua. Hakunyanyuka.

Kaka, hakunyanyuka. Sanda ilikuwa imeshikwa na vanishi ya jeneza. Tukavuta taratibu, ikavutika na kurudi, vanishi imefanya nyuzi nyuzi kama embe bovu. Mtu mmoja akasema tuvute kwa nguvu moja. Tukavuta. Nikasikia kitambaa kinachanika, na Bi Mwanaesha, aliyeishi maisha yake yote hajaonekana hata kisigino, akafunuka mgongo mbele ya wanaume wa mtaa mzima. Nikavua kanzu yangu nikamfunika. Nilibaki na msuli na fulana pale kaburini, nalia kwa hasira, na nyuma yangu mtu, simtaji, akasema kwa sauti ya kusikika, "Si ndiyo ile vanishi ya Mwalimu?"

Vanishi ya Mwalimu! Aibu gani hii, ya Rabbi? Nilitaka kumgeukia nimtie ngumi. Lakini kweli, kopo lilisema hivyo. Lina jina lako na picha yako.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mambo haya yametokea wewe umeshalala, hujui ubaya ulikoanzia.

Wewe ulipoanza kazi ile ya vanishi watu walikucheka, na mimi wa kwanza. Vanishi za dukani zilikuwa zikija kwa meli, ghali, na masika ya kwanza tu zinabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Jeneza huoshwa kila likirudi kutoka makaburini, hubebwa kwa mikono ya jasho, hupigwa na hewa ya chumvi. Hakuna vanishi iliyolivumilia. Ukasema utatengeneza kitu kitokane na mmea wa hapa, kishike mbao kama gundi na kung'aa kama kioo, na kisiwe hafifu kuliko cha Ulaya. "Kikiwa hafifu, Saindu, sitaki. Watu wasinunue kwa kunionea huruma." Hayo maneno nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu uliyasema umenishikia msasa wangu na hukutaka kunirudishia.

Mafuta ya mbarika peke yake hayakauki. Hilo ulinionyesha kwa kupaka kipande cha mbao, tukakiacha dirishani, siku nenda siku rudi, ukikigusa bado kinanata na nzi wawili wamefia juu yake. Yanahitaji ile dawa ya kukazia, iliyokuja katika makopo yaliyozibwa, ambayo ikikutana na mafuta vinashikana havitaki tena kuachana. Na adui yake ni maji. Tone moja la maji likiingia, mchanganyiko unatoa mapovu na kuumuka. Mutsamudu penyewe hewa ni maji matupu! Ndiyo tukaenda kuomba lile tungi la shaba katika kiwanda cha langilangi kilichofungwa, kule juu ya mto, tukawa tunachemshia mafuta humo mpaka maji yote yatoke. Harufu ya langilangi haikutoka kamwe katika lile tungi. Kila ulichopaka kilinukia kama bibi harusi. Ulikasirika mwanzoni, ukasema vanishi si manukato. Baadaye ukazoea, na mimi sasa nikipita karibu na ua la langilangi nakuona wewe na kijiko chako kirefu.

Na Mzee Anli, mwadhini wetu! Siku ya kulipaka jeneza mara ya kwanza. Umechanganya kopo zima, umepima kwa macho yako yaliyokunjwa, umenigeukia kuchukua brashi. Mzee Anli, kwa mapenzi yake, akaona kazi ya msikiti haiwezi kuanza hivihivi. Akatoa mrashi wake, akamimina marashi ya mawaridi ndani ya kopo, anasoma dua, macho kafumba. Tulipogeuka kopo linaumuka. Linapanda, linamwagika pembeni, limejaa povu la manjano. Mzee akafumbua macho akapiga kelele ya furaha: "Mwalimu, imekubaliwa! Angalia inavyoumuka!" Mimi nilishika mdomo. Wewe, ambaye ulikuwa umepoteza dawa ya miezi ya kuisubiri bandarini, ulimwinamia ukambusu mkono, ukasema, "Imekubaliwa, Mzee. Hii ya baraka tuiweke kando, sasa tuchanganye ya kupaka." Sijawahi kukupenda kama siku ile. Sikukuambia, kwa sababu wanaume wa nyumba yetu hawaambiani vitu hivyo. Nakuambia leo.

Vanishi ile ya kweli ilikauka. Tukaipima kwa namna yako: shuka jeupe juu ya mbao, jiwe juu ya shuka, jua la adhuhuri, kisha unanyanyua kwa vidole viwili. Shuka lilipanda kama limelazwa juu ya sahani. Hata viungo vya jeneza ulivishika kwa gundi ya mafuta yaleyale, bila msumari. Na ulipokufa wewe, kifua kimekwisha, tulikubeba juu yake. Tulikunyanyua ukaja mwepesi, sanda yako nyeupe pe.

Kifua chako. Hapo pia nina kinyaa, na sitakuficha. Ulikuwa ukijivuna kwamba vanishi ni ya mmea, lakini mmea ulikuwa nusu tu. Nusu ya pili, ile dawa ya makopo, ndiyo iliyokuwa inakukaba. Ukichanganya unakohoa, ukimaliza unapumua kwa filimbi, na asubuhi unarudi palepale kibandani. Ulisema mtu siku moja ataipata nusu ya pili nayo katika mmea, na hapo ndipo tutaita vanishi ya mmea bila kudanganya. Mama alikuwa akikusubiri mlangoni na maji ya moto na mkaratusi, na wewe unamwambia ni vumbi la mbao la Saindu. Vumbi langu! Mwongo mkubwa wewe.

Kabla hujafa ulikuwa umekwisha kumpelekea yule Tajiri wa Moroni namna ya kuitengeneza. Ulisema yeye ana ghala, ana meli, watu wa Nzwani watapanda mbarika badala ya kuing'oa. Ulimwandikia kila kitu kwa moyo mweupe. Alikuja hapa kwenye hitima yako na sinia za keki, akalia kuliko mimi. Baadaye makopo yakaanza kutokea madukani: picha yako ya shuleni, ile yenye tai iliyopinda, na chini yake maneno kwamba ni vanishi ya mmea. Mama alinunua kopo moja akaliweka rafuni karibu na Msahafu. Hakulifungua. Alikuwa akilifuta vumbi.

Kisha Tajiri akaleta sadaka. Watu wake wakaja na brashi, kipupwe, wakalipaka upya jeneza la msikiti kwa jina lako. Nilisema halihitaji kupakwa, liko salama. Wazee wakaniambia nisikatae sadaka ya marehemu ndugu yangu. Liling'aa, nani akatae. Kwa baridi ile ya kipupwe lilionekana limekauka. Lilisubiri jua, na lilisubiri Bi Mwanaesha, aliyekupa chupa ya kwanza.

Baada ya mazishi nilipanda meli kwenda Moroni. Nilitapika njia nzima na haikuwa bahari. Ofisi ya Tajiri iko karibu na bandari ya zamani, ina feni na kapeti. Hakuwa peke yake. Pembeni alikaa mshirika wake, mmoja wa mamluki, siku hizi kavua gwanda kajiita mfanyabiashara. Ameweka mguu mtupu juu ya meza na anakata kucha. Mbele yake yapo makopo yamepangwa, na kucha zinaruka, tik, tik, moja ikaangukia uso wako kwenye kopo. Hakuipangusa. Kaka, nimewahi kusafisha mashimo ya vyoo nikiwa kijana, sikuwahi kuona uchafu kama ule.

Nilimweleza Tajiri kilichotokea kaburini, chote, mpaka mgongo wa Bi Mwanaesha. Nilidhani atashika kichwa. Alishika kikombe chake cha chai. Akasema ile dawa ya kukazia ni ghali, kwa hiyo anatia kidogo, anaongeza mafuta ya taa na mafuta ya gari kwa ajili ya mng'ao. Aliyasema kama mtu anayekueleza jinsi ya kupika mchuzi. Nikamwambia ameharibu jina la mtu na amemvunjia heshima maiti. Akatabasamu. "Maiti hajaleta malalamiko," akasema. Yule Mzungu akauliza nimesema nini, akatafsiriwa, wakacheka wote wawili.

Na si kwamba hawajui kuitengeneza sawasawa. Hilo ndilo lililonimaliza. Tajiri, ili kunituliza, alinipandisha gari lake tukaenda Itsandra kunionyesha nyumba ya yule Mzungu. Sakafu ya mbao tupu, imepakwa vanishi yako, ile ya kweli, kwa vipimo vyako. Mabuti yamepita juu yake, pombe imemwagika na kupanguswa, haina doa. Nilipiga magoti nikagusa. Ngumu, laini, baridi. Kazi yako ilivyo. Basi kumbe wanajua! Iliyo safi ya kukanyaga wao, na uchafu wa kulaza wafu wetu. Nilitema mate pale, katikati ya sakafu, na hata mate yangu yalikaa juu yake kama shanga, hayakuingia. Tajiri alinipa makopo mawili ya zawadi nirudi nayo nyumbani. Nikayaacha kizingitini.

Niliporudi Mutsamudu habari ilikuwa imezunguka mji mzima. Mzee mmoja wa mtaa alikuwa amefariki nikiwa safarini, na watoto wake walikwenda kuazima jeneza la mtaa mwingine. Kuazima, Kaka! Kama watu wasio na msikiti. Watoto shuleni walikuwa wakigandishana mikono na kutaja jina lako. Wazee wakakata shauri: Ijumaa, baada ya sala, jeneza livunjwe lichomwe.

Na Mama. Nilimkuta amekaa kitandani, rafu haina kopo. Amelitupa. Akaniambia pole pole, hanitazami, "Nikifa msinipandishe juu ya kitu kile. Kilimla mwanangu, na sasa kinawavua nguo wenzangu." Nikataka kumweleza ya Moroni, nikashindwa. Ningemwambia nini, kwamba uso wako umeangukiwa kucha? Nilimwambia tu si kazi yako ile. Akajibu, "Jina ni lake." Hilo ndilo lililonipandisha mpaka msikitini. Lichomwe jeneza, mbao ni mbao. Lakini Mama afe anaamini kwamba mwanawe alifanya kitu kichafu, hilo hapana.

Nikawaomba wazee wanipe mpaka hiyo Ijumaa. Wakanipa, kwa shingo upande.

Nililitoa jeneza nje uani, nikaliweka juani vanishi ilainike. Kilikuwa kimebaki kipande cha sanda ya Bi Mwanaesha, mraba mzima, kimezama katika ule utelezi, na nzi, na nywele, na vumbi la makaburi. Nilianza kwa kukitoa, uzi mmoja mmoja, nikakizika. Kisha nikachukua mafuta ya taa, matambara na kikwangulio cha mbao, nikaanza kukwangua. Uchafu ulitoka kama kamasi, samahani kwa neno lakini ndilo. Ulinijaa mikononi, kwenye ndevu, nikikwangua natapika, nikimaliza kutapika nakwangua. Watu waliopita walifunika pua. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mbao tupu chini, na sikuwa na hata tone la dawa yako la kupaka upya, wala Mama asingeniruhusu niiguse.

Tambara likateleza. Nikalipitisha tena, likateleza tena, halikamati kitu. Nikamwagia mafuta ya taa zaidi, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Uchafu wao ukatoka wote, na chini yake, Kaka, ulikuwepo wewe. Vanishi yako ya kwanza. Wale wapaka rangi wa Tajiri walikuwa wavivu, alhamdulillahi, hata msasa hawakupiga, walipaka tu juu. Mafuta ya taa hayakuigusa. Haikulainika, haikupoteza rangi, viungo havijafunguka hata unywele. Nikaweka pua yangu pale. Chini ya uvundo wote ule, kidogo sana, langilangi.

Nilikaa chini nikalia mpaka Mzee Anli akaja kuniuliza nani tena amekufa.

Ijumaa, watu walipotoka kwenye sala, jeneza lilikuwa uani, nimeliosha, jua liko juu ya vichwa. Nikaweka shuka na jiwe, kama ulivyokuwa ukifanya. Shuka likanyanyuka safi. Unadhani waliridhika? Mmoja akasema shuka si mtu, na jiwe halina joto la mwili. Wakaguna wakakubaliana naye, na shoka lilikuwa limekwisha letwa, limeegeshwa ukutani. Nikasema basi nitalala mimi. Lo! Hapo wakapiga kelele. Mtu mzima, mzima wa afya, kupanda jeneza ni kujiitia mauti, hata kufanyia mzaha mtoto hafanyi. Mzee Anli akanishika kanzu. Nikamwambia kama ni kufa nitakufa, lakini kwanza tulimalize hili.

Ndipo mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa mwanamke jirani yetu, kajifunika kitambaa chake cha shiromani, hakuingia, amenyoosha mkono tu na kifurushi. Akasema katumwa na Mama, kelele zile zilikuwa zimemfikia nyumbani. Akasema maneno yalivyo: "Asilalie shuka la dukani. Alalie hii."

Nilifungua. Sanda ya Mama. Ile aliyoletewa kutoka Makka, iliyochovywa Zamzam, inayokaa katika sanduku lake chini ya nguo zote, ambayo mimi na wewe tulichapwa udogoni kwa kuigusa tu. Alikuwa ameitoa. Kama ingeshikwa na kuchanika, hana nyingine, na nguvu za kwenda kuchukua nyingine hana. Hata yule aliyesema shuka si mtu alinipisha.

Nikaitandika. Nikapanda. Nikalala chali, mikono kifuani, jua machoni, mbao za moto mgongoni. Nilikaa mpaka kanzu ikalowa jasho, mpaka mtu akasema inatosha, nikakaa tena. Niliogopa, sikufichi. Nilisikia moyo wangu unagonga mbao. Niliposimama, Mzee Anli alishika pembe ya sanda kwa vidole viwili akanyanyua. Ilipanda yote, haikusita mahali. Akaigeuza huku na huku mbele ya watu. Hakuna hata alama.

Wakakohoa. Watu wetu unawajua, kukosea ni kwa sauti kubwa, kukiri ni kwa kukohoa. Lakini mmoja aliliondoa shoka ukutani akaenda nalo kwake. Mzee Anli akachukua mrashi wake akalinyunyizia jeneza marashi. Matone yakasimama juu ya mbao, mviringo, hayaingii. Akayatazama, nadhani kidogo alivunjika moyo. "Mara hii haiumuki," akasema. Nikamjibu, "Ilikwisha kubaliwa, Mzee."

Nilimrudishia Mama sanda yake. Aliinyanyua mbele ya dirisha, akaipitia kwa macho yake mabovu uzi kwa uzi, akaipeleka puani. Kisha akaikunja, akairudisha chini ya nguo zote, akafunga sanduku. Akasema, "Nikifa, nipitisheni alipopita mwanangu."

Hayo tu, Kaka. Sikuletei habari ya ushindi. Tajiri bado ana makopo yake na yule Mzungu bado ana sakafu yake, na watu wa visiwa vyote wanapaka ule uchafu kwenye milango ya binti zao. Lakini nakuahidi: kila duka nitakaloingia, Mutsamudu au Moroni, nikiona kopo lile nitabandua picha yako, wanifunge wakitaka. Ile dawa ya kukazia sitaigusa, kwa ajili ya Mama, mpaka itokee hiyo nusu ya pili uliyokuwa ukiiota. Tungi la shaba nimelisugua, liko tayari. Mibarika nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaesha nimeizungushia ua, mbuzi wasile. Na siku ya Mama, Mungu aicheleweshe, mimi nitashika upande wa kichwa.

Lala salama, mwongo wangu wa vumbi la mbao. Mama kapasha moto wali uleule, ananiita. Vidole bado vinanuka, lakini nitakula.

Nduguyo,
Saindu